Yatima na Minazi Yake: Malezi ya Ukoo katika Pwani ya Kilifi na Malindi

Matanga ya Mgiriama ni mawili. La kwanza ni hanga itsi, msiba ungali mbichi, watu wamelala uani na machozi hayajakauka. La pili ni hanga ivu, linalofanywa baada ya miezi, hata miaka, ukoo ukishapata chakula cha kuwalisha wageni na tembo la kuwanywesha wazee. Hapo ndipo huzungumzwa mambo ambayo siku ya mazishi hakuna mwenye moyo wa kuyataja: wajane watakaa na nani, deni la marehemu atalipa nani, mashamba na minazi itashikwa na nani, na watoto watakuwa mkononi mwa nani. Kwa kweli swali la watoto huwa limekwisha kujibiwa. Usiku ule wa kwanza mtoto aliyefiwa hulala kwa baba yake mdogo, au kwa nyanya yake, ambaye Wagiriama humwita hawe, na asubuhi hupewa uji pamoja na wenzake wa nyumba hiyo. Wazee wakikutana huwa wanathibitisha jambo ambalo sufuria imeshaliamua. Kinachobaki kuamuliwa, na ndicho kigumu, ni minazi.

Historia ya yatima wa pwani hii, kuanzia Mtwapa hadi Mto Sabaki na kuvuka kwenda Magarini, husimuliwa mara nyingi kama historia ya huruma: zamani watu walipendana, siku hizi kila mtu na lake. Mimi sikubaliani na masimulizi hayo. Ukizitazama karne mbili zilizopita kwa utulivu utaona kwamba jamaa hawakuacha kuwachukua watoto wa ndugu zao. Walichokuwa wakinyang'anywa ni nyenzo za kuwalelea: nafaka ghalani, ardhi, minazi, na wakati mwingine uhai wenyewe wa walezi. Kila mara nyenzo hizo zilipoondoka, mtoto naye alihama, akaenda rahani, akaenda misheni, akaenda kwenye nyumba ya watoto yenye bango barabarani. Na kila aliyempokea alimwandika kuwa hana mtu.

Mfumo wa kale wa Wamijikenda, jamii ambazo Wagiriama ni mojawapo, haukuacha pengo kubwa la mtoto kutumbukia. Ndugu wa baba ni baba, mkubwa au mdogo. Dada wa mama ni mama. Mtoto hupewa jina la babu au nyanya, kwa hiyo tangu kuzaliwa anatembea na jina la mtu ambaye ukoo mzima una haja ya kumwona akiishi. Mji wa Mgiriama ulikuwa na nyumba kadhaa chini ya mzee mmoja, wake na wana na wake za wana, na mtoto angeweza kula nyumba yoyote bila kuuliza. Kabla ya miji hiyo, katika makaya, yaani maboma ya kale yaliyomo msituni, ambayo mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia, hata mgeni asiye na ukoo aliweza kuingizwa katika mbari kwa kiapo na kafara, akawa ndugu mwenye haki na wajibu.

Lakini tusiisafishe historia hadi ipoteze sura. Kulikuwa na watoto ambao mlango haukuwafungukia. Kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini, alihesabiwa nuksi; katika jamii kadhaa za pwani na bara aliuawa, au alitolewa kwa watu wa mbali ili balaa liondoke naye. Mtoto aliyeingia nyumba ya mama wa kambo angeweza kulishwa na bado akajua kila siku kwamba nyumba ile si yake. Na mlezi aliyeshika ng'ombe wa yatima hakuwa na daftari la kumsuta. Wazee walikumbuka, naam, lakini wazee nao hufa.

Katika miji ya Waislamu, Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi yenyewe, jambo la yatima lilikuwa na sheria iliyoandikwa karne nyingi kabla ya serikali yoyote kufika. Mtume Muhammad mwenyewe alizaliwa baba yake akiwa ameshafariki, akafiwa na mama yake Amina akiwa na umri wa miaka sita, akalelewa na babu yake Abdul Muttalib kisha na ami yake Abu Talib. Hakuna mtoto wa chuo asiyejua silsila hiyo ya walezi. Sura ya An-Nisaa inaonya vikali juu ya mtu anayekula mali ya yatima, na inamwelekeza mlezi amjaribu kijana kwanza, akimwona amepevuka akili ampe mali yake mbele ya mashahidi. Nayo Sura ya Al-Ahzab inaagiza watoto waliolelewa waitwe kwa majina ya baba zao wa kuwazaa. Sababu ya agizo hilo ni Zayd bin Haritha, kijana aliyetekwa utotoni na kuuzwa sokoni, akaachwa huru na Mtume na kulelewa naye kama mwana. Ami na baba yake walipomfuata wamkomboe, alichagua kubaki na mlezi wake. Hata hivyo jina la Haritha lilirudishwa. Mlezi ana thawabu kubwa, lakini hana ruhusa ya kufuta ukoo wa mtoto. Kanuni hiyo tutakutana nayo tena katika sheria ya Kenya ya mwaka 2022.

Sasa tufike kwenye njaa.

Nusu ya pili ya karne ya 19 ilibadilisha sura ya pwani hii. Malindi, iliyokuwa magofu na vichaka kwa muda mrefu, ilianza kukaliwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwa muda mfupi ikawa ghala la nafaka: mtama, mahindi na ufuta vilipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Huko Takaungu walikuwa watu wa ukoo wa Mazrui, waliohamia baada ya Sultani Seyyid Said kuwaondoa Mombasa mwaka 1837. Mashamba yale yalilimwa na watumwa, na mahitaji ya mikono hayakukoma hata baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Misafara iliacha bahari ikapita nchi kavu, ikitoka Kilwa na kupanda kaskazini kwa miguu.

Wamijikenda walikuwa na desturi ya rahani. Njaa ikibana, baba alimchukua mtoto, au ndugu yake mdogo, akampeleka kwa tajiri wa Mombasa au Takaungu au Malindi aliyekuwa anafahamiana naye kibiashara, akapewa vibaba vya mtama. Mtoto alibaki kule akifanya kazi na kula. Mvua ikinyesha na mavuno yakiingia, baba alirudisha nafaka au thamani yake, akaondoka na mwanawe. Katika miaka ya kawaida ilikuwa njia ya kuokoa watu wawili kwa mpigo, yule aliyebaki nyumbani akapata chakula na yule aliyeondoka akapata chakula. Ilitegemea mambo mawili tu: kwamba tajiri anamheshimu baba mtu, na kwamba baba mtu atakuwa hai msimu ujao.

Mwaka 1884 yote mawili yaliporomoka. Ukame ulishika eneo zima kwa pamoja, na hapakuwa na jirani wa kuazima kwake. Watu wengi waliteremka pwani wakiwa na watoto, wengi wakawaweka rahani kwa nafaka kidogo kuliko zamani, na baadhi hawakurudi kuwakomboa kwa sababu walikufa njiani au walirudi kwenye mashamba makavu. Mwenye shamba la Malindi anayehitaji mikono ya kuvunia hakuwa na haraka ya kumwambia mtoto wa rahani kwamba yeye si mtumwa. Mtoto aliyefika na baba, ana jina na ana mji, baada ya misimu michache alikuwa amehesabiwa katika mali ya shamba. Nauona huo kuwa mwaka wa fundisho katika historia hii. Wazazi wale hawakuwatupa watoto wao. Walitumia kinga waliyorithi, nayo ikawavunjikia mkononi kwa kuwa soko la watumwa lilikuwa limekaa upande wa pili wa mkataba. Na mwishoni mwa karne, kati ya 1898 na 1900, njaa nyingine iliyoenea sehemu kubwa ya Kenya iliwasukuma tena watoto barabarani, wengine kuelekea misheni.

Misheni zilikuwa zimeshajenga. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianzisha kituo Rabai, ambayo leo imo katika kaunti ya Kilifi. Kwa miaka mingi Rabai ilikuwa na waumini wa kuhesabika kwa vidole. Walioijaza ni watoto na vijana waliopoteza ukoo.

Safari ya baadhi yao ilikuwa ya ajabu. Meli za kivita za Kiingereza zilipokamata majahazi ya watumwa, watoto waliookolewa hawakuweza kurudishwa kwao, kwa kuwa wengi walitoka Nyasa na Uyao, wengine wadogo mno kujua njia. Wengi walipelekwa Bara Hindi, wakawekwa katika makao ya misheni huko Nashik, wakafundishwa kusoma na ufundi. W. S. Price, aliyekuwa amesimamia makao hayo ya Nashik, aliletwa Mombasa na shirika la Church Missionary Society, na mwaka 1875 akaanzisha Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru, ng'ambo ya kisiwa. Mnara wa kengele yake ungali umesimama, na eneo hilo kila dereva wa matatu analiita Kengeleni. Watu wazima waligawiwa viwanja na mashamba. Watoto waliingizwa mabwenini, wavulana upande wao na wasichana upande wao, kwa kengele ya kuamka, kengele ya sala na kengele ya kazi. Kwa kadiri niwezavyo kuona, hapa ndipo malezi ya mtoto ndani ya taasisi yalipojikita katika pwani ya Kenya. James Mbotela, aliyeandika habari za wazee wake katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934, ni mtoto wa kizazi kilichozaliwa na watu hao.

Haitakuwa haki kuwadharau waliofanya kazi ile. Mtoto aliyeteremshwa kutoka jahazini hakuwa na baba mdogo Mombasa. Bweni lilimpa sahani, dawa na jina la kujibu. Lakini kinachonigusa zaidi ni yale waliyoyafanya watoto wa Nashik walipokua. Mmoja wao, William Henry Jones, alirudi Afrika, akawa kasisi na mlezi wa Rabai. Katika miaka ya 1880 watoro kutoka mashamba ya pwani walifurika Rabai, wengine na watoto mgongoni, na Jones aliwapokea ingawa mabwana zao walitishia kuja kuwachukua kwa nguvu. Ugomvi ulimalizika Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa alipowalipa wenye watumwa fidia na zaidi ya watoro 1,400 wa Rabai na misheni nyingine wakapewa hati za uhuru. Wale watu walilima, walioana, walizaa, walizika. Walikuwa hawana ukoo. Walipopewa udongo wa kulima na usalama wa kulala, waliutengeneza. Nafikiri ushahidi wa Rabai una uzito kuliko ripoti nyingi za leo.

Na haikuwa misheni peke yake. Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, watoro walijijengea mji wao. Wazee wa Kigiriama kaskazini mwa Sabaki nao waliwapokea wengine kama majirani na wakwe. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria pwani mwaka 1907, maelfu ya watu walikuwa tayari wameshapata wajomba na mashangazi ambao hawakuzaliwa nao.

Ukoloni ulikuja na aina nyingine ya uyatima. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai katika ukanda wa pwani alete ushahidi wake. Madai ya mtu mmoja mmoja mwenye karatasi, hasa Waarabu, Waswahili na Wahindi, yalisikilizwa. Ardhi iliyoshikwa kwa desturi na mbari ya Mmijikenda iliandikwa kuwa ya Taji au ikaingia katika hati ya mwingine. Mjukuu wa mwenye shamba akaamka skwota. Kisha, mwaka 1913, serikali ilipotaka vijana wa kazi na baadaye wapagazi wa vita, Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alisimama mbele ya kina mama akauliza kwa nini watoe wana wao. Alikamatwa akapelekwa Kisii. Mwaka 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo, kaya ya Wagiriama, wakachoma miji, wakawaondoa Wagiriama ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, kwenye mashamba yao bora. Mara nyingi tunamtaja Mekatilili kama shujaa wa taifa na kusahau kwamba hoja yake ilikuwa hoja ya mzazi. Alijua kijana anayepelekwa upagazini huacha mke na watoto nyuma yake, na upagazi wa vita vile uliua watu wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi.

Miongo iliyofuata nitaipita haraka. Wanaume walikwenda kazini Mombasa na kwenye mashamba ya katani ya Vipingo. Sheria ya kuasili watoto ilikuwepo vitabuni, lakini haikuwa na la kumwambia hawe wa Ganze. Alichokuwa nacho yatima wa Kaloleni, Jibana au Chonyi kilikuwa mnazi, na hapo nataka kusimama kidogo.

Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya Wagiriama wa ukanda wa minazi, alieleza jinsi minazi ilivyouzwa na kuwekwa rahani kando na ardhi iliposimama. Mtu akitaka pesa za mahari au za matanga aliweka minazi yake kumi kwa mwenye uwezo, na huyo akawa anaigema na kuuza tembo na nazi hadi deni lirudi. Hati hapakuwa. Palikuwa na mashahidi, wazee waliokunywa tembo la mapatano na ambao siku ya ugomvi wangesimama kuonyesha kwa kidole: mti huu ndani, ule nje. Fikiria basi mtoto wa miaka minane aliyefiwa na baba. Minazi yake imo rahani kwa gharama za mazishi ya baba yake mwenyewe. Mashahidi ni wazee, na wote ni marafiki wa yule anayeishikilia. Atakapofika miaka ishirini na kuuliza, mashahidi watatu watakuwa wamekufa na wa nne hakumbuki vizuri. Hakuna aliyemfukuza mtoto huyo. Alikula kila siku kwa baba yake mdogo. Lakini alikua hana kitu, na hakuna kikao chochote kilichokaa kuamua awe hivyo.

Ndipo ukaja ukimwi. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Dawa za bure katika hospitali za serikali zikaja mwaka 2006. Katikati ya miaka hiyo kizazi cha wazazi kilikatwa, na mzigo ukaruka juu ukamwangukia nyanya. Desturi ilikuwa inamtegemea baba mdogo, na baba mdogo naye alikuwa amelala hospitalini. Bamba, Ganze, Magarini, ukaona nyumba zenye mwanamke wa miaka sabini na wajukuu watano, wengine wa mwanawe wa kiume na wengine wa binti yake, akichoma makaa au kuponda kokoto ili wapate unga. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Januari 2003, iliwapa pumzi moja.

Pumzi ya pili ilikuwa pesa. Mwaka 2004 serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ilijaribu kuwapa walezi wa yatima fedha taslimu: kaya 500 za Garissa, Nairobi na Kwale, hapa hapa pwani, shilingi 500 kwa mwezi. Jaribio lilikua likawa mpango wa taifa, leo ni sehemu ya Inua Jamii, na kiwango kimefika shilingi 2,000 kwa mwezi. Naiheshimu fikra iliyomo humo, kwa sababu ni mara ya kwanza serikali kukiri kwa vitendo kwamba mlezi yupo na kwamba kinachokosekana ni pesa. Lakini kiwango ni kimoja, nyumba iwe na yatima mmoja au saba. Hucheleweshwa miezi. Na siku ya malipo unaweza kumwona bibi amesimama mbele ya wakala wa benki, anafuta kidole kwenye leso, anabonyeza, mashine inakataa, anafuta tena. Alama zake zimesuguliwa na jembe kwa miaka hamsini.

Halafu kuna jambo ambalo Kilifi haina budi kulisema kwa sauti. Katika kaunti hii hii ambako mabibi ndio nguzo ya yatima, wazee huuawa kwa kushukiwa uchawi. Wanaofuatilia kesi hizo, wakiwemo watu wa Malindi District Cultural Association walioanzisha makimbilio ya wazee huko Kaya Godoma, Ganze, wamekuwa wakieleza kwamba nyuma ya mashtaka mengi ya uchawi kuna ugomvi wa shamba. Mvi zinakuwa ushahidi. Mzee akikimbilia Kaya Godoma ameponya roho yake, lakini wajukuu aliokuwa akiwalea wamebaki kwa nani? Anayemtisha bibi kwa panga ili apate ekari tatu anawafanya watoto yatima kwa mara ya pili, nasi huwa tunaandika habari hiyo chini ya kichwa cha ushirikina tu.

Wakati huo huo mji wa Malindi na Watamu uliujua utalii, Waitaliano wakiwa mstari wa mbele, na pamoja na hoteli zikaja nyumba za watoto. Wafadhili wengi walikuja na nia njema na fedha zao wenyewe. Mtoto mwenye ugonjwa, mtoto aliyepigwa, mtoto aliyeokotwa, wengi waliokolewa maisha, na wako watu wazima leo wanaosema hivyo wenyewe. Tena tusisahau kwamba nje ya mageti hayo palikuwa na hatari ya kweli: utafiti wa UNICEF na serikali uliotolewa mwaka 2006 ulifichua ukubwa wa unyonyaji wa kingono wa watoto Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Lakini watoto wengi wa nyumba hizo wana mzazi mmoja hai, au jamaa wanaojulikana. Walipelekwa kwa sababu kule kuna shule, sare, na nyama Jumapili. Mama mjane wa Kakoneni akiambiwa kwamba mwanawe atasoma hadi sekondari kwa sharti asilale nyumbani, anafanya hesabu ile ile aliyoifanya baba wa mwaka 1884 mbele ya kibaba cha mtama. Na gharama ya kumlea mtoto mmoja kwenye taasisi yenye walinzi, wapishi na gari ingetosha kuwaweka shuleni ndugu zake kadhaa wakiwa kwao.

Serikali ilichukua muda kulitambua hilo. Mwaka 2014 ilitoa mwongozo wa malezi mbadala ya kifamilia na, Novemba mwaka huo, ikasimamisha kuasiliwa kwa watoto wa Kenya na wageni. Mwaka 2017 ikazuia kusajiliwa kwa taasisi mpya za watoto. Mwaka 2022 ikatangaza mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kutoka taasisi hadi kwenye familia na jamii. Makadirio yaliyokuwa yakitajwa ni watoto 45,000 hivi nchini kote. Mwaka huo huo Sheria ya Watoto Na. 29 ilianza kazi, ikichukua nafasi ya ile ya 2001, na ndani yake kwa mara ya kwanza kafaalah, yaani ulezi wa Kiislamu usiofuta ukoo wa mtoto, ikatambuliwa. Kwa Waislamu wa Malindi na Mambrui hilo si jambo dogo. Kwa muda mrefu familia iliyotaka kumlea mtoto kwa karatasi halali mara nyingi iliwekwa mbele ya mlango wa kuasili, unaomfanya mtoto awe wa kuzaliwa na kumpa jina jipya, jambo ambalo dini yao hairuhusu. Wengi waliamua kulea bila karatasi, na bila karatasi mtoto hupata shida ya cheti cha kuzaliwa, ya hospitali, ya pasipoti. Sasa anaweza kubaki na jina la baba yake na bado mlezi akatambuliwa. Hatarithi kwa nguvu ya sheria ya mirathi, lakini mlezi anaweza kumwachia kwa wasia hadi theluthi ya mali yake. Kazi iliyobaki ni kwa maafisa wa watoto, mahakama na makadhi kulifanya jambo hili lijulikane vijijini.

Sheria ilikuwa haijatimiza mwaka Shakahola ilipofunguka. Aprili 2023, katika msitu ulio nyuma ya Malindi, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri mmoja. Miili iliyotolewa ilizidi 400, mingi ya watoto. Februari 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani Malindi wakishtakiwa kuwaua watoto 191, wakakana. Mahakama itasema lake. Mimi nawawazia watoto waliotoka hai. Wengi wa watu wa Shakahola hawakuwa wenyeji. Walitoka magharibi mwa nchi, Nairobi, na kwingineko, waliuza vyao, wakakata mawasiliano na ndugu. Mtoto akatolewa kichakani hajui jina la kijiji cha babu yake. Ndugu walifika Malindi kutoka mbali, wakasubiri majibu ya vinasaba kwa miezi, na miili ya kwanza ilikabidhiwa kwa familia Machi 2024. Katika hali kama ile makao ya muda ni ya lazima, na afisa wa watoto anayekaa na mtoto siku baada ya siku akimdodosa wimbo gani mama alikuwa akiuimba, lugha gani nyanya alizungumza, anafanya kazi ya mzee wa ukoo.

Kumrudisha mtoto kwa jamaa zake ni jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, ila naogopa likifanywa kwa pupa. Mtoto aliyetolewa kwenye nyumba ya Watamu akakabidhiwa kwa shangazi Mombasa anaweza kugeuzwa msichana wa kazi, ahadi ya shule ikawa ndoo na fagio. Anaweza kurudi kwa ami aliyekwisha kuuza shamba la baba yake, na ami huyo ndiye mtu wa mwisho duniani kutaka kumwona. Afisa mmoja wa watoto mwenye kata nyingi za kuzunguka na gari lisilo na mafuta hawezi kuyajua haya kwa kumtembelea mtoto mara moja. Pesa za mlezi zihesabiwe kwa idadi ya watoto. Kesi za kutishwa kwa wazee zipelekwe pia kwenye ofisi ya watoto, kwa sababu ni kesi za watoto.

Na kuna hatua moja isiyohitaji mkakati mpya. Mtu akifia nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayeandika kifo na kutoa kibali cha kuzika. Anaijua familia, analijua shamba. Siku hiyo hiyo, wazee wakiwa wamekaa pale uani, anaweza kuandika majina na umri wa watoto waliobaki, mpaka wa shamba la marehemu, minazi mingapi, mikorosho mingapi, ipi imo rahani na kwa nani, mashahidi wakatia vidole gumba, na nakala ikabaki kwa hawe au mama mdogo aliyewachukua. Mtoto wa Jibana au wa Bamba akifika miaka kumi na minane, aende ofisini aisome karatasi hiyo mwenyewe.